Vijana wa visiwani mnaozoa taka: tupeane uzoefu wa baada ya kuokota

MwanaLangoni

Assalamu alaykum wanajamvi. Kikundi chetu cha vijana hapa Amu (Lamu) tuko kumi na mmoja. Mwaka na nusu sasa, kila Ijumaa asubuhi tunaanzia gatini, tunapanda vichochoro, tunazibua mitaro kabla ya masika. Watu hutupiga picha, wazee hutuombea dua. Haya mazuri.

Juzi tulijaza magunia arubaini na matatu ya chupa za maji, tukayapanga uani kwa mwenzetu. Mpaka leo yapo pale pale. Mama yake ametupa wiki mbili.

Ndipo nikaona kwamba kuokota hakukuwa kazi. Mwenzetu wa bara akishapakia lori, taka imekwenda zake na haioni tena. Hapa kisichochomwa, kisichofukiwa na kisicholiwa na punda lazima kipande chombo, na chombo kina nauli. Nyinyi mlifanyaje? Hotuba za mazingira tumeshazisikia, naomba yaliyowapata wenyewe.

ShogiMbili

Wa alaykum salaam. Mimi nina punda watatu, nazoa nyumba kwa nyumba. Gari haliingii mui (mji) huu, na vichochoro vingine hata mkokoteni hukwama, kwa hivyo ni shogi tu, vile vikapu vya kuning'iniza mbavuni mwa punda. Shogi la kulia taka mbichi, la kushoto taka kavu.

Nilianza kutenganisha kwa sababu ya msiba. Punda wangu wa kwanza alivimba tumbo, akakataa majani, akawa anajigaragaza. Nilimpeleka kwenye zahanati ya punda, ile iliyoko hapa tangu 1987, lakini nilikuwa nimechelewa. Tumbo lilikuwa limeziba kwa mifuko na kamba. Wakati huo mifuko ya plastiki ilikuwa haijapigwa marufuku, marufuku ilikuja Agosti 2017. Mifuko imepungua kweli, siwezi kukataa, lakini karatasi za mkate na kamba za nyavu bado zimo jaani, na punda akinusa chumvi au unga hachagui.

Sasa nikwambie kosa langu. Miezi mitatu nilizunguka barazani kuzungumza na wanaume. Kila mmoja "inshallah, inshallah", na taka zikitoka ni mchanganyiko ule ule wa maganda, chupa na mifupa ya samaki. Dada yangu akaniuliza, "Hao unaokaa nao barazani, nani kati yao amewahi kushika ndoo ya taka?" Akaingia yeye majumbani, akakaa jikoni na wenye nyumba. Ndani ya mwezi mmoja nyumba ishirini na mbili zikawa zinatenganisha.

Pia ni yeye aliyejua kwa nini taka za nyumba nyingine zilikuwa zikitupwa usiku pwani. Ni pampasi. Watu wanaona haya kuzitoa mchana jirani akaona. Tukapanga ndia yetu: pampasi nazizoa baada ya sala ya alfajiri, kiza hakijaondoka, zikiwa zimefungwa kwenye gunia lake. Sijapata pa kuzipeleka zaidi ya jaa kuu, nasema kweli. Vikundi vyote hupiga picha na chupa, sijaona hata kimoja kilichopiga picha na pampasi, na kwangu mimi ndizo nusu ya mzigo.

BintiPate

Dada yako apewe maua yake.

Sisi tuko Pate, kwa hivyo hata Amu kwetu ni safari. Mara ya kwanza tulikodi mashua nzima, tukajaza magunia mpaka kwenye tanga. Mnunuzi alipoweka kwenye mizani, pesa yote haikufika hata nusu ya nauli. Tulikuwa tumesafirisha hewa! Chupa usipoifungua kifuniko ukaikanyaga, gunia zima ni pumzi tu.

Safari ya pili tulikanyaga, lakini tukachelewa maji. Anayepita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, anajua, maji yakishapwa chombo kinakaa. Tulilala mikokoni na magunia yanayonuka mabaki ya soda na maziwa, mbu kama mvua. Nahodha aliapa hatatubeba tena.

Kilichotuokoa ni duka la mjomba wangu. Mashua inayomletea unga na saruji hurudi Amu nyepesi. Nikamwomba nahodha tuwe tunapakia wakati wa kurudi, kwa masharti yake mawili: magunia yawe yameoshwa kwa maji ya bahari na kukaushwa, na yawe tayari gatini kabla ya chombo kufika. Sasa tunalipa theluthi ya ile nauli ya mwanzo. Na tumeacha kupeleka kila kitu. Ndoo, mitungi na makreti yaliyovunjika yanakwenda kwanza kwa kuwa yana uzito na bei. Chupa za maji zinangoja zikusanyike.

MwanaLangoni, hayo magunia yako arubaini na matatu, mmekanyaga?

MwanaLangoni

Hatukukanyaga. 😅

MchangaWaShela

Kwetu taka si ya mtaa, ni ya bahari. Kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, ufuo wote kuelekea Kipungani hupokea vya dunia: slipa za mguu mmoja, chupa zenye maandishi tusiyoyajua, maboya, na nyavu zilizokatika. Nyavu ndizo kazi. Watu sita kuvuta fundo moja lililozikwa mchangani, na ukilikata vibaya umeongeza vipande.

Mwaka juzi tulichoka. Mwenzetu mmoja akasema, "Mchanga wote huu, tufukieni tu nyuma ya mafungu ya mchanga." Tulikuwa tumeshachimba. Akapita mzee mmoja aliyewahi kuchimba visima, akasimama, akauliza, "Mnajua mnachokunywa kinatoka wapi?" Maji matamu ya kisiwa hiki yamehifadhika chini ya mafungu hayo ya mchanga wa Shela. Mvua huingia mchangani, huchujika, ndiyo tunayoteka. Tulifukua yote kwa aibu, jua la saa saba.

Jambo jingine, kama mnafanya ufuoni ulizeni kwanza wanaolinda mayai ya kasa. Tuliwahi kuburuta nyavu juu ya kiota bila kujua.

FundiMdogo

Mimi nina la kujuta. Mnakumbuka lile jahazi la plastiki, Flipflopi? Mafundi wa hapa hapa Amu wakiongozwa na Ali Skanda walilichonga kwa ufundi ule ule wa mbao, urefu wa mita 9, tani 10 za plastiki, na ubavu ukapambwa kwa slipa zipatazo 30,000. Lilishuka majini Septemba 2018, na mapema 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Nilikuwa kijana wa shule, nikaona hakuna lisilowezekana.

Basi nikachukua pipa la mafuta, kuni, na gunia la kila aina ya plastiki niliyoikuta. Nilitaka kutoa mbao za benchi. Mnaotaka kujaribu sikilizeni. Ndoo na mitungi huyeyuka kwenye joto la digrii 130 hivi. Chupa ya maji inataka karibu digrii 250. Ukizichanganya, hii imeshaanza kuungua na ile bado ngumu. Nilichopata ni bonge jeusi lenye mawe ndani, na kifua kilichobana siku nne. Wenye jahazi walichambua aina kwa aina kabla ya moto. Mimi niliona jahazi, sikuona uchambuzi.

Bonge lile ninalo. Nazuilia mlango.

UmmuTwalib

Nawasoma kimya kimya wanangu. Wangu naye yumo kwenye vikundi hivi. Tulipopeleka posa mwaka jana mtu akaropoka, "Huyu si yule mzoa taka?" Shangazi ya msichana akajibu, "Ndiye. Na mtaro wa mlangoni kwenu nani aliuzibua?" Ndoa ilikuwa baada ya Idi.

KijanaWaMalindi

Hongereni. Malindi tuna lori na barabara, na bado jaa linatushinda, kwa hivyo sina la kujisifia. Nachangia mawili tu. Andikeni kila gunia uzito wake na tarehe kwenye daftari. Tulipokwenda kuomba banda la kuhifadhia katika ofisi fulani, tulizungushwa miezi, mpaka tulipofungua daftari mezani. Na mkiambiwa kutenganisha ni hiari, kumbusheni kwamba Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka kila mwenye taka azitenganishe kuanzia pale zinapotoka.

MwanaLangoni

Nawarudia na habari. Tumefungua yale magunia, tumetoa vifuniko, tumekanyaga siku mbili na watoto wa madrasa wakatusaidia kwa furaha (kelele zake, mtaa mzima ulikuja kuuliza kuna nini). Arubaini na matatu yamekuwa kumi na sita. Vifuniko tumeviweka mbali, kwani mnunuzi anavitaka na plastiki ngumu. BintiPate, nimefuata lako: kuna mashua inayoleta mawe ya ujenzi na kurudi tupu Mokowe, gati ya bara, nahodha amekubali Jumatano. Mama ametuongezea siku tatu, na uji.

Limebaki gunia moja la chupa za vioo. Hakuna anayezitaka, na mashuani zitavunjika.

ShogiMbili

Vioo nipe mimi. Kuna fundi huku anajenga ukuta, anataka vya kupanga juu. Niletee alasiri, lakini usipite Barabara Kuu na gunia hilo watu wakitoka sala, zunguka nyuma. Au basi, nitamtuma kijana na punda.