Kendu Bay Old Town: Waislamu na Wahindi walifuata nini huko?

mjukuu_wa_kendu
Habari wadau. Mimi ni wa Kisumu, Kondele, lakini nyanya alikuwa wa Kendu Bay, ule mji mdogo wa ufuoni mwa Ziwa Victoria, Homa Bay. Juzi tumeenda matanga nikapita Old Town nikabaki nashangaa, msikiti wa zamani pale, maduka ya Kihindi milango imeoza, na mzee wa kanzu ananiongelesha Kiluo safi kabisa kuliko changu. Sasa mahali padogo hivyo, hawa watu walifuata nini?

Baba Tich
Walifuata meli. Wewe unaangalia Kendu ukitoka barabarani ndio maana huelewi, angalia ukitoka majini. Reli ilifika Kisumu 1901, enzi hizo ikiitwa Port Florence, na huku ng'ambo ya ghuba hakukuwa na barabara ya maana, so kila kitu kilipita ziwani. Kendu ilikuwa na gati, na kinu cha pamba. Penye mzigo Mhindi anafungua duka, na Waswahili nao walikuja na hiyo biashara, wakaoa, ndio unaona kanzu na Kiluo pamoja.

omena_kavu
Na maji ndio yalirudi kuharibu. Mvua za 1961 zile wazee wanaita za Uhuru, ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili kufika 1964. Halafu 2020 likapita hata hiyo rekodi, mimi nilikuwa huko, tulibeba vitanda kichwani usiku.

Lakini msiongee kama pamekufa jamani. Mwezi ukiwa giza maboti yanatoka jioni na taa kuvua omena (dagaa), ukisimama ufuoni unafikiri kuna mji mwingine huko ndani. Asubuhi akina mama wanatandaza omena kwa nyavu kuukuu, na kila mtu jicho juu, kwa sababu ikinyesha kabla ikauke, basi, hiyo ni chakula ya kuku, bei ya kutupa. Mwezi ukiwaka hakuna kazi, ndio wakati wa chama cha akiba na harusi.

mjukuu_wa_kendu
Aisee asanteni. Kumbe nyanya akisema "twende Kisumu na meli" hakuwa anatania. Alikuwa pia anatutisha na lile ziwa dogo la Simbi, eti kijiji kilizama usiku mmoja juu walimfukuza mama mzee aliyeomba mahali pa kulala.

Baba Tich
Si Simbi iko hapo karibu tu, ukienda tena pitia. Maji yake ni ya magadi, usijaribu kunywa. @omena_kavu gorogoro (kopo la kupimia) ya omena ni pesa ngapi sasa hivi huko?