Bodi ya jengo imenikatia maji kwa sababu ya deni la ada: je, ina mamlaka hayo?

Mwenye nyumba, Nyali

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninamiliki nyumba ya ghorofa ya saba, ambayo ndiyo ya juu kabisa, katika jengo lenye nyumba 28 hapa Nyali. Tangu masika ya mwaka jana paa linavuja, na kwa kuwa tuko karibu na bahari, nondo za dari zimeshika kutu, zikafura na kuibandua plasta. Asubuhi moja nilikuta kipande cha ukubwa wa sahani kimeanguka juu ya kitanda cha mwanangu. Niliiandikia bodi barua tatu na sikujibiwa hata moja. Badala yake lilibandikwa tangazo ndani ya lifti kwamba ada ya huduma imepanda kutoka shilingi 9,000 hadi 15,000 kwa mwezi, ilhali hatujaitwa mkutanoni kwa miaka mitatu na hesabu hatujasomewa. Nikaacha kulipa. Wiki iliyopita mlinzi, kwa amri ya mwenyekiti, alifunga koki inayoleta maji kwangu na kuitia kufuli. Je, bodi ina haki ya kufanya hivyo, na mimi nina haki ya kuizuia ada mpaka paa litengenezwe?

Wakili wa mambo ya ardhi, Nairobi

Wa alaykum salaam, na pole sana. Kabla ya yote, itazame hati yako, kwa sababu hapo ndipo jibu lote linapoanzia. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, ilitoa miaka miwili ili majengo yaliyouzwa kwa mikataba ya ukodishaji wa muda mrefu yabadilishiwe hati. Ikiwa ramani ya sehemu za jengo lenu imesajiliwa, basi kuna shirika la wamiliki ambalo kila mwenye nyumba ni mwanachama wake kwa sababu tu ya kumiliki. Shirika hilo ndilo linalopaswa kutunza sehemu za pamoja, likiwemo paa, kulikatia jengo bima, na kukusanya michango kwa kadiri ya fungu la kila nyumba. Ikiwa haijasajiliwa, anayekudai ni kampuni ya usimamizi, na mamlaka yake hayazidi yale yaliyoandikwa katika mkataba wako na katika katiba ya kampuni hiyo.

Kuhusu maji, sioni pa kuitetea bodi. Ibara ya 43 ya Katiba inamhakikishia kila mtu maji safi ya kutosha, na mwenye kudai ada ana njia ya kudai: ni deni, na deni hupelekwa mahakamani. Andika barua ya madai leo, uwape siku chache, kisha uombe amri ya zuio katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Lakini nawe umekosea, nami nalisema hili kwa sababu nimewaona wengi wakiumia nalo. Kuvuja kwa paa hakukufutii ada. Lipa kiwango cha zamani pamoja na malimbikizo yake, ukieleza kwa maandishi kwamba nyongeza unaipinga kwa kuwa haikupitishwa mkutanoni. Ukifika mbele ya hakimu ukiwa hudaiwi, atakusikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Mweka hazina wa zamani, Kizingo

Naafikiana na wakili, ila niruhusuni niongeze la upande wa pili. Nilikaa kwenye bodi kwa miaka minne bila malipo. Wenye nyumba tisa walipoacha kulipa, tulishindwa kununua umeme wa pampu, na wazee wa ghorofa ya tano wakawa wanapandishiwa maji kwa madumu. Bima nayo ilikwisha muda wake bila sisi kuwa na fedha za kuihuisha. Hata hivyo hatukumfungia mtu maji, kwani mjumbe anayetoa amri ya namna hiyo anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe. Kilichotusaidia ni kubandika hesabu za kila mwezi, risiti moja moja, mahali palepale penye tangazo la ada. Waliokuwa wakinung'unika wakaona dizeli ya jenereta inakula kiasi gani.

Mwenye nyumba, Nyali

Nawashukuru nyote. Nimeitazama hati: ni mkataba wa miaka 99, na ramani ya sehemu haijasajiliwa. Ada ya zamani nitailipa kesho.

Wakili wa mambo ya ardhi, Nairobi

Basi tafuta kifungu cha mkataba kinachoeleza ada inavyokadiriwa. Mara nyingi hudai bajeti na hesabu zilizokaguliwa. Pia, kama kawaida ya majengo ya aina hiyo, huenda una hisa katika kampuni. Kusanya sahihi za wanahisa wenzako muwatake wakurugenzi waitishe mkutano mkuu chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, na ajenda ya kwanza iwe paa, ya pili iwe kubadilisha hati. Barua ya maji isingoje mkutano huo.