Siku nne Dar na watoto na mama mkwe: tulale wapi, tuanzie wapi?

MamaWaIpagala

Wakuu, habari za saa hizi. Tunatarajia kuja Dar kutokea Dodoma kwa treni ya SGR, watu watano: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 6 na 11, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua, ngazi nyingi haziwezi. Tuna siku nne. Likizo ya mume wangu inaweza kuwa katikati ya Aprili au katikati ya Juni, fomu hajaijaza bado. Tunataka bahari, makumbusho, kisiwa kimoja kama inawezekana, na Kariakoo kidogo. Gari hatuna, na bajeti ni ya kawaida, Masaki hatuiwezi. Naomba ushauri: mwezi upi, tulale upande gani, na siku tuzipange vipi tusiziishie kwenye foleni?

Mkazi_wa_Upanga

Karibuni sana dada. Mwambie shemeji ajaze Juni, tena leo.

Aprili ni masika yenyewe. Kulowa si tatizo, tatizo ni bonde la Msimbazi. Mvua kubwa ya usiku mmoja inatosha Jangwani kujaa, Barabara ya Morogoro ikafungwa pale na mwendokasi ikasimama. Aliyelala ng'ambo ya bonde hafiki mjini, na aliyelala mjini hatoki. Juni ni kipupwe: usiku kwenye digrii 19 au 20, mchana haizidi sana 29, jasho limepungua. Ila mje kabla ya tarehe 28, maana ndipo maonyesho ya biashara ya Sabasaba huanza, Barabara ya Kilwa ikajaa na vyumba vya bei ya kati vikagombaniwa.

Kulala, kwa familia yenu nasema Upanga au Kisutu. Stesheni ya SGR iko mjini kati, hivyo mkishuka ni mwendo mfupi wa teksi hata kama foleni ipo. Kariakoo vyumba ni rahisi zaidi, lakini wapakuaji wa mizigo wanaanza kabla hakujapambazuka, na mchana teksi haifiki mlangoni, mama mkwe atatembezwa. Sinza ni nzuri kwa bei, ila ukikuta baa jirani, Ijumaa na Jumamosi hamlali.

Ukipiga simu hotelini uliza hivi, kwa maneno haya haya. Jenereta inawasha viyoyozi na lifti, au taa tu? (Nyingi ni taa tu, na hapo mama mkwe anakwama ghorofa ya nne.) Kuna chumba ghorofa ya kwanza au chini? Bei ni ya chumba au ya kichwa, kwa shilingi, na chai ya asubuhi imo?

Mkifika, msilipe kwanza. Panda chumbani, funga madirisha, washa kiyoyozi dakika kumi. Kikitoa hewa ya uvuguvugu au kikidondosha maji ukutani, omba chumba kingine hapo hapo, usikubali "fundi anakuja". Kisha fungua kabati: likinuka ukungu, godoro nalo limeshika unyevu. Kwa hewa ya pwani hilo ndilo linalowaamsha watoto usiku na mafua. Angalia pia neti kama ina matundu, na kama inafika chini pande zote za kitanda.

Pwani_Kunduchi

Mkuu hapo juu kamaliza suala la malazi. Mimi niongeze la bahari, maana wageni wengi wanapanga siku ya ufukweni bila kuangalia maji, wanafika wanakuta matope na mawe.

Dar maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi au saa kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: yanajaa asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Kwa hiyo angalieni kalenda ya mwezi kabla hamjaamua siku ya Ufukwe wa Coco. Coco maji yakikupwa ni miamba na ncha kali za matumbawe, mtoto wa miaka sita ataumia mguu. Yakijaa jioni ya bamvua ndiyo raha yenyewe: mnaoga, kisha mihogo ya kukaanga na kachumbari na pilipili pale pale. Mkae karibu na watoto, mawimbi ya upepo wa kusi yanavuta.

Kisiwa: Mbudya kwa boti za Kunduchi, au Bongoyo kwa boti za Slipway. Vyote ni hifadhi ya bahari, kwa hiyo nauli ya boti ni yake na kiingilio ni chake. Beba kitambulisho cha NIDA ulipe bei ya Mtanzania. Juni upepo wa kusi huzidi mchana, ondokeni asubuhi na mrudi mapema alasiri. Kabla ya kupanda, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la mtoto: livute juu mabegani, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, akianguka litamtoka. Mkifika kisiwani agizeni samaki kwanza, ndipo mkaoge, maana kumsubiri huweza kuzidi saa moja.

Na siku ya mwisho mngehamia Kunduchi au Mbezi Beach, mkaamka baharini.

Mkazi_wa_Upanga

Hiyo ya kuhamia siku ya mwisho siiungi mkono, ndugu yangu. Kutoka Kunduchi hadi stesheni asubuhi ya siku ya kazi wanaingia kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo pamoja na mji mzima, na treni haisubiri. Kama wanataka kulala Kunduchi, iwe usiku wa kwanza au wa pili.

MamaWaIpagala

Asanteni sana, mmenifungua macho. Mama mkwe kisiwani atamudu kweli? Na mjini, mnashauri tutembee au tupande nini?

Pwani_Kunduchi

Kisiwani hapana, dada. Kule hakuna gati, mnashuka majini, saa nyingine hadi mapajani, na kupanda tena boti ikiyumba. Siku hiyo baba aende na watoto, ninyi wawili mvuke Kigamboni kwa teksi kupitia Daraja la Nyerere. Fukwe za Mjimwema ni tambarare na viti vipo. Ulizeni kiingilio kama kinakatwa kwenye chakula, mara nyingi ndivyo. Pantoni ni fupi na watoto wataifurahia siku nyingine, ila si jioni, watu wanasukumana getini.

Fundi_Ramani

Kanuni ya Dar ni siku moja upande mmoja. Ukichanganya Kigamboni na Mwenge siku moja, umeitoa siku kwa foleni. Asubuhi magari yanaingia mjini, kuanzia saa kumi jioni yanatoka. Aliyelala Upanga anakwenda kinyume na msongamano, hiyo ni faida yenu kubwa.

Siku ya mjini anzeni saa mbili asubuhi kabla jua halijakaza: Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 pale Samora, mkashuke Kanisa la Mtakatifu Joseph na la Azania Front, yote karibu na maji. Bibi apande usafiri kwa vipande virefu. Kisha Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert: kuna habari za fuvu la zamadamu Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959 na magari ya viongozi, na Bustani ya Mimea iko jirani kwa kupumzika kivulini. Malipo ya serikali ni kwa kontroo namba, hivyo simu iwe na salio. Soko la Feri liko karibu, ila pale chini kunateleza, mama mkwe asiingie bila viatu vya kushika. Na kamera iwekeni mfukoni kuanzia hapo, Ikulu ni jirani na hairuhusiwi kupigwa picha.

Siku nyingine Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, watoto wataingia nyumba za asili za makabila mbalimbali, kisha Mwenge kwa vinyago. Mwendokasi inawafikisha Morocco, mnamalizia kwa bajaji. Kinyago cha mpingo kipime kwa mkono: mpingo ni mzito. Kikiwa chepesi na rangi nyeusi ikibaki kidoleni ukisugua kwa kitambaa kibichi, ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.

Kariakoo nendeni saa mbili asubuhi siku ya kazi, begi kifuani, mtoto mdogo abaki na bibi. Saa tano mwe mmeshatoka.