Chekechea: mwalimu wa madaftari au mwalimu wa vizibo?

Mama Wawili, Buhongwa
Habari zenu wadau. Mwanangu wa mwisho katimiza miaka minne, Januari anaanza chekechea. Nimetembelea vituo viwili na bado nasitasita. Cha kwanza kiko Igoma: madaftari yamejaa a e i o u, watoto wametulia tuli, kazi za nyumbani kila siku. Cha pili kiko Nyegezi. Mwalimu nilimkuta kachuchumaa na watoto sita wanatenga vizibo vya soda, vyekundu huku, vya bluu kule, halafu wanahesabu. Daftari sikuona hata moja. Ada zinakaribiana. Waliopitia naombeni mawazo.

Baba Tatu, Kirumba
Igoma. Darasa la kwanza watoto ni wengi, asiyejua herufi anaachwa nyuma. Wangu alimaliza chekechea anaandika jina lake, nilifurahi mno.

Mwalimu Mstaafu
Baba Tatu, furaha yako naielewa. Ila vidole vya miaka minne bado laini. Kuokota vizibo, kufinyanga udongo, kumenya karanga, ndiko kunakovipa nguvu ya kushika penseli. Na anayetenga rangi tayari yuko kwenye hesabu. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni njia ya kufundisha watoto wadogo, alipofungua shule yake ya "nyumba ya watoto" Roma mwaka 1907 alianza na vitu vya kushika, na watoto wakafika kwenye kuandika kwa njia hiyo hiyo. Mama Wawili, wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Wanaotakiwa ni 25.

Shangazi wa Pasiansi
Mimi naangalia moyo wa mwalimu kwanza. Mjukuu wangu alitoka kijijini anajua Kisukuma tu. Kituo cha kwanza aliomba "minzi", akafokewa aongee Kiswahili. Akajikojolea, na wiki nzima akagoma kwenda. Tulipomhamisha, mwalimu mpya alimpa kikombe, akamwambia taratibu, "Haya, maji haya hapa." Kesho yake mtoto akasema maji mwenyewe. Mama, nenda saa moja na nusu asubuhi, simama getini, uone anayelia anapokelewaje.

Mama Wawili, Buhongwa
Shangazi, nimefanya hivyo, shikamoo na asante. Igoma wako 41 kwa mwalimu mmoja. Dada wa watu anajitahidi kweli, lakini anayelia anavutwa mkono tu, hana namna. Nyegezi wako 22. Kuna kijana aling'ang'ania kanga ya mama yake, viatu kavaa kushoto kulia. Mwalimu hakumpokonya. Akapiga magoti, akamvua kimoja, akamuuliza kiatu hiki kinataka mguu gani. Cha pili mtoto alivaa mwenyewe, kilio kimekwisha. Fomu nimechukua.

Baba Tatu, Kirumba
Hapo nimekuelewa. Choo umekiangalia?

Mama Wawili, Buhongwa
Nimekiangalia. Matundu madogo ya saizi yao, na nje kuna ndoo ya koki na sabuni. Mwalimu anasimama nao mpaka wanawe.