Mjadala: Ni nani amfundishe mwanafunzi ofisi ipi inatoa basari?

Mwalimu wa Umoja (mtoa mada):
Kila muhula unapofunguliwa mambo ni yale yale. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaitaja mihimili mitatu ya serikali bila kukwama, lakini akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hajui akaombe basari, yaani msaada wa karo, kwa MCA (mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti), kwa ofisi ya mbunge au kwa chifu. Nairobi ina maeneo bunge 17 na wadi 85. Fomu za basari za NG-CDF, mfuko wa Serikali ya Kitaifa wa maendeleo ya maeneo bunge, ni za eneo bunge, za kaunti hupitia wadi, na kila moja ina siku yake ya mwisho. Aliye na mjomba ofisini huambiwa mapema. Mwingine anafika na kukuta orodha imefungwa. Mimi nataka jambo hili lifundishwe darasani, tena fomu yenyewe ikiwa mkononi. Je, hiyo ni kazi ya shule, ya mzazi au ya serikali?

Mzee Jericho:
Mwalimu, shule haiwezi kubebeshwa kila kitu. Sisi tulisomeshwa kwa harambee, na wazazi wetu wengi hawakujua kusoma. Mzazi wa Eastlands, hii mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, leo anajua mechi zote za Jumamosi, lakini muulize jina la MCA wake, atakukodolea macho. Shida iko nyumbani.

Mama Kayole:
Shikamoo mzee, lakini hapo umeniumiza. Mechi nitatazama saa ngapi? Alfajiri niko Marikiti natafuta sukuma na nyanya, usiku ndio nafunga kibanda. Jina la MCA nalijua, na namba yake ninayo, ila hashiki simu. Nilipeleka fomu, nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya shule. Nikaambiwa muhuri wa chifu hausomeki. Niliporudi na mwingine, majina yalikuwa yameshapelekwa. Sasa niambie uzembe wangu uko wapi.

Kijana wa Dandora:
Na kwa nini Eastlands? Huko Lavington kwa matajiri wanamjua MCA wao? Hawamjui na hakuna anayewasema, kwa sababu karo wanalipa wenyewe.

Mzee Jericho:
Sijamtukana mtu. Nimezaliwa Makongeni, nikazeekea Jericho. Eastlands ni kwangu kabla hujazaliwa.

Kijana wa Dandora:
Jericho mnalipa kodi ya nyumba za kaunti, mzee wangu. Sisi landilodi hupandisha akiamka vibaya. Usitupime kwa kipimo kimoja.

Wakili Mtaani:
Jamani, mada. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari na vyuo vikuu ni vya Serikali ya Kitaifa. Ndiyo maana mapema 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na Serikali ya Kitaifa kabla ya kutoa basari hizo, na magavana wakapiga kelele. Mwanafunzi akilijua hilo, atajua ni nani wa kuulizwa.

Mama Kayole:
Akishalijua Jedwali la Nne, wakili, mlinzi wa shule atamfungulia lango?

Binti Kibra:
Kwani hiyo NG-CDF si Mahakama ya Upeo ilishaifuta?

Wakili Mtaani:
Hizo ni kesi mbili, dada. Mahakama ya Upeo mwaka 2022 ilibatilisha sheria ya zamani ya mfuko huo, ile ya CDF ya 2013. Hii ya sasa, ya 2015, ni Mahakama Kuu iliyosema Septemba 2024 kwamba inakiuka katiba.

Binti Kibra:
Basi basari zote zifutwe, pesa ziende shuleni moja kwa moja. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Ikizituma zote na kwa wakati, nani atapanga foleni kwa mheshimiwa? Ibara ya 53 ya Katiba inasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima. Cheki inayotolewa jukwaani huku mtoto akipigwa picha inamdhalilisha.

Kijana wa Dandora:
Hapo umesema! Pesa ni za kodi yetu, halafu tunaambiwa tupige makofi.

Mama Kayole:
Futeni, lakini si kabla wangu hajamaliza kidato cha nne.

Mwalimu wa Umoja:
Tumetoka mbali na swali. Hata basari zikifutwa leo, kuna HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na inakopesha wa vyuo vya kiufundi pia, si wa chuo kikuu pekee. Kuna vijana wanaokaa nyumbani baada ya kidato cha nne kwa kuwa hakuna mtu aliyewaambia hivyo. Hilo linaniuma kuliko haya ya Jericho na Dandora.

Mama Kayole:
Mwalimu, fomu za Embakasi ya Kati zimetoka?

Mwalimu wa Umoja:
Pita ofisini uangalie ubao wa matangazo, mama. Usingoje kuambiwa na mtu.

Mzee Jericho:
Ndicho nilichosema tangu mwanzo. Mzazi aende.

Mama Kayole:
Niende saa za kazi, mzee, na mauzo ya siku hiyo nitalipwa na nani?