Mrejesho: sakafu ya gari la zamani iliyoliwa na kutu

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama sakafu ya gari langu la zamani, iliyotobolewa na kutu upande wa dereva, izibwe kwa faiba (nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi) au ikatwe. Nilifuata ushauri wa kukata hadi kwenye chuma kizima, kisha nikachomelea bati jipya la milimita 1.2 kwa nukta zinazoachana, nikihama upande hadi upande ili joto lisilipinde, na kweli limekaa sawa. Baada ya kupaka praima ya zinki (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) na silanti (gundi ya kuziba mianya) kwenye maungio, maji hayapenyi tena. Palipogoma ni kwenye kizingiti cha mlango, yaani boriti ya bodi iliyo chini ya mlango: bati lake limeliwa kwa ndani, likawa linatoboka kila moto ulipoligusa, hivyo kizingiti kizima bado kinasubiri kubadilishwa.