Impreshonizimu, kyubizimu au Tingatinga: tuanze na upi kwa vijana wa likizo?

Mwalimu_Kisauni
Assalamu alaikum, na habari zenu wapenzi wa sanaa. Likizo ya Desemba nitakuwa na vijana wa miaka 12 hadi 16 hapa Kisauni, Mombasa. Safari hii sitaki wanakili picha za kwenye simu, nataka wakae na mtindo mmoja mpaka uwaingie. Nasita baina ya mitindo mitatu ya uchoraji: impreshonizimu ya kina Monet, ya kuufuata mwanga; kyubizimu ya Picasso na Braque, ya kuvunjavunja umbo; na Tingatinga ya jirani zetu wa Dar, ya wanyama wa rangi zinazong'aa. Bajeti ni ndogo. Tuna ukumbi wenye feni moja, na ua mpana. Mngechagua upi, na kwa nini?

BintiMjiWaKale
Wa alaikum salaam, mwalimu. Impreshonizimu. Wale wachoraji walitoka nje kuufuata mwanga, na mirija ya rangi, iliyobuniwa 1841, ndiyo iliyowarahisishia kubeba rangi hadi mtoni na shambani. Mwanga sisi tunao tele.

Anza na kivuli. Wapeleke Mji wa Kale saa mbili asubuhi, wasimame mbele ya ukuta wa chokaa, uwaulize kivuli cha roshani kina rangi gani. Watasema cheusi. Waambie watazame tena, bila haraka. Kina buluu ya mbingu, na chini karibu na ardhi kina wekundu kidogo, kwa kuwa jua linapiga udongo na kurudi ukutani. Kijana akishaliona hilo hatashika tena rangi nyeusi kila anapochora kivuli. Monet alirudia miganda ya ngano ileile mwaka 1890 na 1891, asubuhi, jioni, hata kwenye theluji, kwa sababu kila saa aliona picha nyingine.

Fundi_wa_Likoni
Dada, la kivuli nakubali. Lakini rangi za mafuta za mirija ni ghali, na huchukua siku nyingi kukauka. Hao vijana watazibeba picha mbichi kwenye matatu? Itabidi watumie rangi za maji.

Mimi nasema Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa vifaa vya dukani tu: hadibodi, na rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli. Unapaka mandharinyuma kwanza, unaacha ikauke, kisha mnyama, kisha madoa na mistari. Alifariki 1972, ila alikuwa ameshawafunza jamaa zake, na mtindo ukaendelea. Hivyo ndivyo ufundi unavyopokezanwa huku kwetu, na hakuna sababu ya kuuweka chini ya ule wa Paris.

MamaSalma_Tudor
Fundi, heshima kwa Tingatinga, lakini nina mawili. Rangi ya glosi ina harufu kali, basi kazi yote ifanyike uani. La pili ni zito zaidi: vijana watachora twiga na chui wa kuuzia watalii, wanyama ambao wengi wao hawajawaona. Ukiuchagua, mwalimu, waambie wachore kunguru, pweza, mbuzi wa mtaani. Kunguru wa Kisauni kwa mtindo ule atapendeza sana.

Penseli_Ganjoni
Kyubizimu, tena kwa sababu ya bajeti yako. Picasso na Braque walipokuwa wakivunjavunja umbo la gitaa na chupa, mwaka 1910 na 1911, walibaki na kahawia, kijivu na rangi chache za udongo. Makopo matatu yanatosha darasa zima. Kisha 1912 Picasso akabandika kwenye picha kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa ususi wa kiti, na badala ya fremu akaizungushia kamba. Kwetu gazeti, leso kuukuu na gundi vinafanya kazi hiyo. Weka birika mezani, kila mmoja alichore kutoka juu, ubavuni na mbele, halafu sura zote tatu ziingie kwenye karatasi moja.

BintiMjiWaKale
Ukienda huko usiuruke mwaka 1907. Picasso aliona vinyago vya Afrika kwenye jumba la makumbusho la Trocadéro, na athari yake imo kwenye sura za wanawake wa picha yake ya mwaka huo, "Les Demoiselles d'Avignon". Waliovichonga, majina yao hayakuandikwa. Vijana wetu wana haki ya kulijua hilo kabla hawajaambiwa kwamba kyubizimu ilizaliwa Ulaya.

Shomari_Changamwe
Mbona hakuna aliyemtaja El Anatsui wa Ghana? Vizibo vya chupa, vinapondwa na kufungwa kwa waya wa shaba hadi viwe kama kitambaa kikubwa cha ukutani. Angalizo: yeye hutumia vizibo vya chupa za pombe, na wazazi wengine hawatapenda. Vya soda ni vigumu, havikunjiki vizuri.

Mwalimu_Kisauni
Ahsanteni sana. Nachukua kyubizimu, kwa njia ya kubandika, na vinyago vya 1907 vitakuwa somo la kwanza kabisa. Asubuhi ya kutazama vivuli nitaiweka pia, maana hata kwenye kahawia na kijivu lazima mtu ajue mwanga unatoka wapi. Tingatinga nauhifadhi likizo ya Aprili, uani, na kunguru wa MamaSalma. Sasa natafuta fundi wa nguo, Mwembe Tayari au Kongowea, anayeweka mabaki ya leso. Mwenye kumjua aniandikie.

MamaSalma_Tudor
Ninayo mafungu mawili nyumbani, mengi ni pindo. Nitumie ujumbe, nitayaleta kabla shule hazijafungwa.